Kalamu na Karamu

Mimi ndiye niliyeiweka ile programu. Nasema mapema kwa sababu siku hizi pale ofisini nasikia watu wakisema "tuliiweka", na hiyo "tu" sijui ilizaliwa lini. Wakati wa kuiweka nilikuwa peke yangu na kompyuta kuukuu yenye feni inayokoroma, chai iliyopoa, na maelezo ya Kiingereza ambayo sidhani hata aliyeyaandika aliyasoma mara mbili. Kwa hivyo tuelewane. Najisifu, na nina haki ya kujisifu, ingawa ninachotaka kusimulia ni habari za wiki moja ambapo sifa yangu ilikaribia kumharibia mtu mwingine kazi.

Kampuni yetu ni ndogo. Tunapeleka intaneti kwa ploti, maduka na shule kutoka Thika mpaka Ruiru. Ofisi iko mtaa wa Kamenu, Thika, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la hadiwea, na tuko watu wanne: bosi, ambaye pia ndiye anayepanda milingoti, mafundi wawili wa nyaya, na mimi, ambaye kwenye barua ya kuajiriwa nimeandikwa "huduma kwa wateja". Maana yake ni kwamba simu ikilia ni yangu, na matusi yakiwa ndani ya simu ni yangu pia.

Na simu zote zilikuwa na lalamiko moja: net inajivuta. Mama wa saluni kule Kiganjo, inajivuta. Mwenye duka la dawa, inajivuta. Pasta anayerusha ibada mtandaoni, inajivuta, tena anakuambia kwa upole mpaka unatamani angekutukana. Nikimpelekea bosi, anauliza, "Inajivuta kiasi gani? Tangu saa ngapi?" Mimi nitajuaje? Tulikuwa tunapima net kwa kufungua video kwenye simu na kusema "mbona hapa iko sawa". Mteja anasema mbaya, sisi tunasema nzuri, na mwenye sauti kubwa ndiye anashinda. Jambo hilo lilinichoma. Sipendi kubishana bila ushahidi. Nikibishana nataka kushinda, na nijue nimeshinda kwa nini.

Ndipo nikasoma habari za programu moja ya bure inayopima muda wa majibu. Kazi yake ni rahisi kueleza. Kila baada ya dakika tano inatuma paketi ndogo ishirini za data kwa kila kifaa ulichokiandikisha, inangoja zirudi, inaandika kila moja imechukua milisekunde ngapi. Ni kama kubisha hodi kwa jirani na kuhesabu atachukua muda gani kuitika. Kisha inachora. Jirani akiitika upesi kila mara, mstari unakaa chini, mwembamba na wa kijani. Akiitika mara upesi mara polepole, mstari unazungukwa na kivuli cha kijivu kama moshi. Paketi zikianza kupotea njiani, rangi inabadilika, na zikipotea nyingi inakuwa nyekundu.

Nilimwomba bosi ruhusa ya kutumia kompyuta iliyokuwa imewekwa nyuma ya mlango. Akaniambia, "Chukua. Hata ukiiharibu si neno, ilikuwa inaenda kutupwa."

Ilinichukua siku tatu. Ya kwanza ilikwisha nikiisafisha ile mashine na kuiwekea mfumo mpya. Ya pili ilikuwa ya faili ya mipangilio, ambayo ndiyo roho ya kitu chote. Hapo unaandika jina la kifaa, kichwa kitakachosomeka juu ya mchoro, na anwani yake. Ngazi za orodha zinaonyeshwa kwa alama za kujumlisha: moja ni kundi, mbili ni kifaa kilicho ndani ya kundi. Mahali fulani mimi niliandika moja badala ya mbili. Programu ikakataa kuamka, na ujumbe wake wa kosa haukutaja alama yoyote, ulinitupa kwenye mstari mwingine kabisa. Nilisonya siku nzima. Mafundi walikuwa wakipita mlangoni wananiuliza kama nimeumwa na jino. Siku ya tatu asubuhi nikaiona, nikaongeza alama moja, nikaiwasha tena, nikashuka kununua mandazi. Niliporudi mstari wa kwanza ulikuwa umeanza kujichora, mfupi kama kucha, wa kijani.

Niliwaita wote waje waone. Hawakuona cha ajabu, na sikujali. Baba yangu alikuja Thika kutoka Magharibi kufanya kazi kwenye kiwanda cha matunda, akasimama mbele ya mkanda wa mananasi miaka yote tuliyokuwa shuleni, na kila akituona na vitabu alikuwa anatuambia tutafute kazi ya kukaa. Nilimpigia simu nikamwambia nimetengeneza mashine inayojua net imeharibika kabla mteja hajajua. Akauliza, "Na umekaa?" Nikamwambia nimekaa, baba. Akasema Mungu ni mwema.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa sishikiki. Mama wa saluni akipiga, namwambia, "Ni kweli, mama, ilianza saa tano kasorobo, fundi yuko njiani." Anabaki kushukuru. Hajazoea kukubaliwa haraka namna hiyo. Na mwenye duka la dawa akipiga kulalamika, naangalia mchoro, naona uko sawa, namwambia azime rauta yake aiwashe. Anaiwasha, inapona. Nilianza kutembea pale ofisini kama daktari mwenye picha za eksirei mkononi. Bosi naye akaanza kunitanguliza mbele ya wateja: "Ngojeni niulize fundi wetu." Huyo fundi ni mimi.

Sasa niwaeleze habari za majina, kwa sababu hapo ndipo kosa lilijificha. Bosi wetu hapendi kuviita vifaa kwa namba. Kila antena tunayofunga juu ya paa anaipa jina la kitu kitakachomkumbusha mahali. Kuna Kuku, kwa sababu kwenye hilo paa kuna banda la kuku. Kuna Tangi. Kuna Mbwa Mkali, na hiyo haihitaji maelezo. Kule Ruiru kuna shule ya msingi ambayo antena yake aliipa jina Kalamu. Na mwendo mfupi kutoka hapo kuna uwanja wenye ukumbi wa kukodisha kwa harusi na sherehe, ambao antena yake aliiita Karamu. Aliona ni mzaha mzuri. Shida ni kwamba bosi ni mtu wa huku huku, Mkikuyu wa kuzaliwa na kukulia, na ulimi wake haujawahi kuona tofauti kati ya L na R. Kalamu ya kuandikia ni karamu. Karamu ya kula ni karamu. Lori ni rori.

Mimi nami siwezi kumcheka. Siku yangu ya kwanza kazini nilichungulia dirishani nikamwambia, "Bosi, kari imefika," akacheka mpaka akashika meza. Nilipokuwa mdogo shuleni walinicheka kwa hayo hayo: gari niliita kari, dawa tawa, jana chana. Nikamjibu bosi kwa ulimi wake, "Ile si gari, ni rori," na mafundi wakacheka zaidi. Miezi mingi tuliishi hivyo, kila mtu na ulimi wake, kila mtu na zamu yake ya kuchekwa. Mpaka siku moja tulimcheka mteja aliyekuwa kwenye simu, tukidhani amekata, kumbe hajakata. Alikuja mwenyewe mpaka ofisini, mwanamke mzima wa heshima zake, akatuuliza kama tunauza intaneti ama tunauza dharau. Bosi aliona haya sana. Tangu siku hiyo akapiga marufuku: pale ofisini hakuna kugusa ulimi wa mtu.

Kwa hivyo Jumatatu moja, nilipoamua kuongeza vifaa vya Ruiru kwenye programu, bosi alikuwa kule juu ya mlingoti mkubwa na simu sikioni, mimi niko Kamenu na vidole kwenye kibodi, ananisomea anwani kutoka kwenye kidaftari chake. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Akasema, "Karamu, nukta ishirini na tatu." Nikaandika. Akasema, "Karamu, nukta thelathini na mbili." Nikaandika.

Ningeuliza tu, "Ya shule ama ya harusi?" Maneno matano. Lakini kuuliza kulikuwa kama kumwambia ulimi wake haueleweki, na marufuku ilikuwa yake mwenyewe, na mbele yangu kulikuwa na mafundi wawili wanasikiliza. Isitoshe, niliamini masikio yangu. Nilijiambia ile ya kwanza ilikuwa na ladha fulani ya L. Tena kwenye orodha yangu shule ilitangulia, nikadhani naye anasoma kwa mpango huo huo. Kumbe alikuwa anasoma kwa mpango wa umbali kutoka mlingotini, na ukumbi ndio uko karibu. Antena zote mbili ziliitika hodi, michoro yote miwili ikaanza, na programu haikuwa na namna ya kujua kwamba nimeandika jina la huyu kwenye mlango wa yule.

Shule ile ilikuwa imelalamika tangu muhula ufunguliwe. Aliyekuwa anapiga simu ni mwalimu wa kompyuta, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini, mtu wa upande wa mashariki ya Thika, kule kwa wakulima. Alikuwa akisema maneno yale yale kila mara, bila kuongeza chumvi: "Madam, somo limekwisha na ukurasa haujafunguka." Wiki hiyo, Jumatano, akapiga tena, lakini sauti ilikuwa imebadilika. Akaniambia mwalimu mkuu amechoka. Shule imejaa watoto, madarasa hayatoshi, na kamati inaona chumba cha kompyuta ni chumba cha kukaa bure. Jumatatu ijayo watakutana. Wakiona hakuna kinachofanyika mle, watakigeuza darasa, mashine zigawanywe maofisini, na yeye arudi kufundisha Darasa la Tatu. Akaniomba nije nimwambie mwalimu mkuu ukweli kuhusu net.

Nikafungua mchoro wa Kalamu. Mstari ulikuwa chini, mwembamba, wa kijani, Jumatatu mpaka Jumatano, bila tone la moshi. Mchoro wa Karamu ndio uliokuwa umechafuka, mwekundu kila asubuhi, nikacheka peke yangu nikisema labda vibarua wa ukumbi wanatazama mpira kwenye simu. Hakuna mtu wa ukumbi aliyekuwa amelalamika, kwa hivyo sikujisumbua.

Alhamisi nilienda Ruiru na karatasi ya rangi kwenye bahasha, mchoro wa Kalamu niliouchapisha. Mwalimu mkuu ni mama mmoja mwenye miwani na haraka. Tulisimama ofisini mwake watatu, yeye, mwalimu wa kompyuta na mimi, nami nikaweka karatasi juu ya meza. Nakumbuka nilivyojisikia. Nilijisikia mrefu. Nilimweleza mwalimu mkuu mstari ni nini, kijani ni nini, milisekunde ni nini, na mwishowe nikamgeukia yule mwalimu nikasema, "Mwalimu, mimi nakuheshimu, lakini mashine haina sababu ya kudanganya. Net yenu iko sawa. Labda ni namna inavyotumiwa."

Namna inavyotumiwa. Mimi nilisema hayo. Mwalimu mkuu alimtazama kwa juu ya miwani, naye akaangalia ile karatasi, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaniambia, "Asante kwa kuja, madam." Nikarudi Thika nimeridhika kabisa.

Jumamosi mchana nilikuwa nyumbani Kiganjo nikifua. Wengine wakipumzika wanaangalia picha za watu kwenye simu, mimi naangalia michoro yangu. Nikapangusa povu mkononi, nikafungua. Mchoro wa shule ulikuwa umefura moshi tangu saa sita. Nikasema, haya, tumemshika. Mwalimu yuko shuleni Jumamosi, anapakua sinema. Nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi kwa kuwa nilikuwa nimesema kweli kumhusu.

Nikampigia simu bawabu wa shule, namba yake tunayo kwa sababu ndiye anayetufungulia. Nikamuuliza nani yuko kwenye chumba cha kompyuta. Akasema, "Hakuna mtu. Shule imefungwa tangu jana. Hata umeme wa hicho chumba nimezima jana jioni, huwa nazima kila Ijumaa."

Nikakata simu. Antena ya shule inatumia umeme wa chumba hicho; ukizimwa imekufa, haiwezi kuitika hodi. Nikafungua mchoro wa Karamu. Ulikuwa mtupu tangu Ijumaa jioni, hakuna jibu hata moja. Ukumbi wa harusi, Jumamosi mchana, hauna net kabisa na hakuna aliyenipigia kelele. Na shule iliyofungwa ina watu mia wanarusha video.

Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Niliona joto usoni. Nilimwona yule mwalimu akifungua mdomo na kuufunga. Niliona haya kuliko siku yoyote ninayoikumbuka, na haya yangu huwa yanageuka hasira upesi, kwa hivyo nikampigia bosi nikiwa nimekasirika.

"Ulinisomea gani kwanza?" nikamuuliza.

"Nilikusomea karamu."

"Ipi?"

Akasema, "Ya harusi. Halafu karamu."

Nikamweleza yote. Bosi si mtu mbaya. Alisikiliza, akapumua, akasema nibadilishe anwani hapo hapo, Jumatatu yeye apande paa la shule arekebishe chochote kilichoharibika, na mambo yaishe kimya kimya. "Net ikipona, huyo mwalimu atakuwa sawa," akasema.

"Hatakuwa sawa. Jumatatu asubuhi wanafunga chumba chake, na karatasi wanayoitumia ni yangu."

"Madam, tukienda kusema tulikosea, kila mteja atataka kujua kama mchoro wake ni wake."

"Basi na waulize," nikamwambia. "Mimi nitaenda."

Nilibadilisha anwani jioni hiyo, nikachapisha ule mchoro wa kweli wa shule, wa Jumatatu mpaka Ijumaa. Ulikuwa mbaya. Moshi kila mahali, na nyekundu asubuhi zote.

Jumatatu nilifika kabla ya kengele. Nilipovuka lango nikaona pikapu yetu imeegeshwa kando ya choo, na bosi ameegemea ngazi yake. Hakuniambia anakuja. Akasema tu, "Twende."

Mwalimu mkuu alikuwa na wazee wawili wa kamati tayari wameketi. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amesimama karibu na mlango kama mtu anayengoja kutumwa. Niliomba dakika tano. Nikaweka karatasi mpya mezani, nikasema wazi: ile ya Alhamisi haikuwa ya shule yao. Ilikuwa ya ukumbi wa harusi. Nilichanganya majina mawili. Mwalimu alikuwa anasema kweli tangu siku ya kwanza.

Bosi akasema, "Ulimi ni wangu. Nilimsomea karamu na karamu." Mzee mmoja wa kamati akaguna kicheko, maana yeye mwenyewe angesema hivyo hivyo.

"Masikio ni yangu," nikasema. "Sikuuliza."

Nimejivunia mambo mengi kwenye kazi hii, lakini kusema hayo mawili mbele ya watu wale, mgongo wangu ukiwa wima, ndiko ninakojivunia mpaka leo. Nilidhani yameisha hapo. Hayakuwa yameisha. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaweka kidole kwenye karatasi mpya.

"Alhamisi uliniletea karatasi ukasema mashine haina sababu ya kudanganya," akasema. "Leo umeniletea nyingine, inasema kinyume. Madam, hii nitaiaminije?"

Kweli, angeiaminije? Ningekuwa yeye, nisingeiamini. Niliangalia ile karatasi yangu nzuri ya rangi, na kwa mara ya kwanza niliona ni karatasi tu. Wazee wa kamati walianza kutazamana. Mmoja akasema basi tuendelee na lile tulilopanga, watoto wanasomea chini ya miti.

Mwalimu wa kompyuta akasema, "Naomba nichukue kitu." Akatoka. Tulisikia hatua zake kwenye varanda, zikienda, zikirudi. Aliporudi alikuwa na daftari la mazoezi, la kawaida, lenye jalada la samawati lililochakaa kwenye kona. Akalifungua mbele ya mwalimu mkuu.

Alikuwa amechora safu kwa rula. Siku, saa, sekunde. Kila mwanzo wa somo, tangu muhula uanze, alikuwa anafungua ukurasa mmoja ule ule wa mtandao kwenye mashine ile ile, anatazama saa yake ya mkononi, anahesabu mpaka ukurasa utokee, anaandika. Kisha katikati ya somo, tena. Kisha mwisho. Mahali ambapo ukurasa haukutokea, aliandika "haikufunguka". Kurasa na kurasa za mwandiko wa mwalimu, ulionyooka, bila kufutwafutwa.

Nilielewa kabla ya wengine. Ile kazi ambayo mimi niliitafutia mashine, huyu mtu alikuwa anaifanya kwa mkono, kati ya watoto arobaini wanaopiga kelele, na hakuna aliyemtuma.

"Soma, mwalimu mkuu," nikasema. "Soma wewe, nami nitaonyesha kwenye mchoro."

Akavaa miwani. "Jumanne. Saa nne na dakika kumi. Sekunde arobaini na moja." Nikaweka kidole kwenye Jumanne, saa kumi ya mchoro, maana mchoro unahesabu saa za Kizungu, moshi umepanda mpaka juu. "Jumanne, saa nne na nusu. Haikufunguka." Kidole kikasogea kidogo, nyekundu. "Jumatano, saa mbili na robo. Sekunde sita." Hapo mstari ulikuwa umeshuka, wa kijani, safi. "Jumatano, saa tatu. Haikufunguka." Nyekundu. Wazee wa kamati walikuwa wamesimama nyuma yangu sasa, wameinama. Alisoma mpaka Ijumaa. Hakuna mstari hata mmoja uliokataa.

Mwalimu mkuu alifunga daftari taratibu, akalishika kwa mikono miwili, akamrudishia mwenyewe. Akasema chumba kitabaki chumba cha kompyuta. Akasema, "Mwalimu, tumekukosea," na akalisema kwa sauti ya kutosha, mlango ukiwa wazi, walimu wengine wakipita.

Bosi alipanda paa. Haikumchukua muda kuona: kati ya mlingoti wetu na shule kulikuwa na flati mpya inayojengwa, kama zinavyojengwa Ruiru nzima, na likizo ilipokuwa ikiisha ilikuwa imeongezewa ghorofa. Ilikuwa imeziba njia ya antena nusu, na mchana wajenzi wakisimamisha vyuma inaziba kabisa. Akaihamisha antena hadi kona nyingine ya paa, akaigeuza, akapiga mluzi kutoka juu.

Nilikuwa kwenye chumba cha kompyuta na mwalimu, tunangoja. Alifungua ule ukurasa wake, macho kwenye saa ya mkononi. Ukatokea kabla hajaanza kuhesabu. Akaandika. Sekunde moja.

Nikamuuliza kilichokuwa kinanikera tangu ofisini. Alhamisi, nilipokuja na karatasi yangu na kumwambia yale niliyomwambia, hilo daftari lilikuwa wapi?

"Lilikuwa hapa mezani," akasema.

"Sasa mbona hukulileta?"

Alilifunika daftari, akaweka kalamu ndani ya mfuko wa shati. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Hukuniuliza, madam," akasema.

Nikavuta kiti kimoja cha wanafunzi, kile kidogo, nikakaa magoti yakigusa meza, nikamwomba anifungulie ukurasa wa kwanza.